Kilichotangulia Jani

Miraa haina subira. Ikishachumwa katika vilima vya Nyambene, kiini chake kikuu, kathinoni, huanza kupungua, na baada ya siku mbili hivi jani halina tena kishindo chake. Ndiyo maana hufungwa kwa majani ya mgomba lisinyauke, na ndiyo maana magari yanayoileta Garissa, kaskazini mashariki mwa Kenya, hukimbia kama yanafukuzwa. Alasiri ikiingia, vibunda vimefunguliwa, birika la chai liko kando, na mashavu yameanza kutuna.

Chukua watu wawili waliokaa mkeka mmoja, kibunda kimoja. Wa kwanza atapata mirqaan, kama Wasomali wanavyouita mchangamko huo, atazungumza mpaka magharibi, kisha atakwenda zake nyumbani, na hasara yake itakuwa usingizi wa kuchelewa. Wa pili, usiku huohuo, atasikia nyayo nyuma ya ua ambako hakuna mtu. Atazima taa na kukaa macho, akiamini kuna anayemvizia.

Jani ni lilelile. Watu husema huyu wa pili amezidisha, au ugonjwa uko katika ukoo wao. Huenda ikawa kweli. Lakini kuna swali ambalo huulizwa mara chache mno: alipitia nini kabla hajatia jani la kwanza mdomoni?

Mwaka 1980, Seymour Antelman na wenzake huko Pittsburgh, Marekani, walichapisha jaribio dogo lenye uzito mkubwa. Waliwabana panya mikia mara kwa mara bila kuwapa dawa yoyote. Baadaye panya hao walipopewa amfetamini, iliwapanda kuliko wenzao ambao hawakubanwa. Kinyume chake pia kilitokea: waliotangulia kupewa dawa waliushtukia zaidi mbano wa mkia. Kwa ubongo, mateso na dawa vilikuwa kama vimepita mlango mmoja. Na kathinoni ya miraa, kwa umbo na kwa utendaji, ni ndugu wa karibu wa amfetamini.

Mwaka 2003, kundi lililomhusisha Robert Malenka wa Chuo Kikuu cha Stanford liliuona mlango huo kwa karibu zaidi. Panya walitiwa kwenye maji baridi waogelee kwa muda mfupi tu. Chembe za ubongo zinazotoa dopamini zilibadilika kwa namna ileile inayoletwa na kokeini, pombe au nikotini. Dopamini ndiyo inayotia alama: hili ni zito, liangalie. Aliyeishi na hatari kwa muda mrefu, mtambo huo hukazwa kama ngozi ya ngoma iliyoanikwa juani. Ukiugusa tu unalia. Jani linapoingia, hata mlio wa pikipiki au jicho la jirani hupewa alama ya jambo zito. Hapo ndipo shaka inapozaliwa.

Sasa tazama historia ya Kaskazini Mashariki. Vita vilivyoitwa vya Shifta vilianza 1963, na sheria ya hali ya hatari ikaendelea kubana mpaka 1991. Mji wa Garissa ulichomwa na watu wakauawa Novemba 1980. Uwanja wa ndege wa Wagalla, Wajir, uligeuka machinjio Februari 1984. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wanafunzi. Tangu 1991, kambi ya wakimbizi ya Dadaab imepokea familia zilizokimbia Somalia huku zikiacha maiti njiani. Juu ya hayo, mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo kuanzia mwishoni mwa 2020, na wafugaji wakahesabu mizoga. Katika nchi yenye mzigo huo, kumlaumu mtafunaji kwa udhaifu wa imani ni dhuluma.

Ushahidi kwa binadamu upo. Mjerumani Michael Odenwald na wenzake walihoji wapiganaji wa Kisomali zaidi ya 8,000, na matokeo yakachapishwa 2009. Wenye dalili za kiwewe walitafuna zaidi, wakasema miraa huwasaidia kusahau ya vita. Waliotafuna kwa wingi ndio pia walioandamwa zaidi na shaka za kuviziwa na adui. Utafiti mdogo wa wakimbizi wa Kisomali Nairobi, uliochapishwa 2014, ulichunguza uhusiano huohuo wa jani, kiwewe na kurukwa na akili.

Mtego uko hapo penye kusahau. Jani huondoa kumbukumbu alasiri, halafu hula usingizi wa usiku, na mtu aliyenyimwa usingizi huzidi kushtuka. Kesho huhitaji jani mapema zaidi. Dadaab kuna neno buufis, ile hamu ya kuhamia ng'ambo inayovimba moyoni mwa mtu mpaka ya leo yasimwingie; mwenye nayo hukuta miraa inampa safari ya saa chache.

Si kila aliyeumizwa huvunjika. Wengi wametafuna miaka na miaka bila kusikia sauti yoyote, na wengine waliona makubwa ila hawakuligusa jani. Hatari hupanda pale viwili hivi, jeraha na jani, vinapokutana na kiasi kikazidi.

Kwa hiyo mhudumu wa afya anayempokea kijana aliyeletwa na ndugu zake, macho mekundu, midomo imekauka, hafai kuishia kwenye hesabu ya vibunda. Amkalishe, ampe maji, amuulize taratibu: "Mjomba, usingizi ulianza kukukimbia lini?" Huenda tarehe atakayotaja ikawa ya zamani kuliko miraa yake ya kwanza.