Je, Wajua? Fidia ya Wafungwa wa Mau Mau

Tarehe 6 Juni 2013 Serikali ya Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya Wakenya 5,228 walioteswa wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa Kenya mwaka 1952 ili kuzima uasi wa Mau Mau dhidi ya ukoloni. Fedha hizo zilijumuisha gharama za kesi, kwa hiyo fungu la kila mzee halikuwa kubwa. Waziri wa Mambo ya Nje, William Hague, aliliambia Bunge kwamba serikali yake inatambua mateso hayo na inayajutia. Papo hapo akakana dhima ya kisheria. Yalikuwa majuto yaliyopitiwa kwanza na mawakili.

Kesi ilifunguliwa London mwaka 2009 na wazee watano. Kabla ya hapo njia ilikuwa nyembamba hata nyumbani, kwani marufuku ya kikoloni dhidi ya Mau Mau haikuondolewa hadi mwaka 2003, miaka 40 baada ya uhuru. Nyaraka ndizo zilizogeuza mambo. Wakoloni walipofungasha virago waliondoka na majalada mengi ya siri, yakahifadhiwa Hanslope Park, Uingereza, hadi kesi hiyo ilipoyafichua mwaka 2011. Oktoba 2012 Jaji McCombe aliamua kuwa ushahidi wa maandishi ulitosha kesi kuendelea, ingawa nusu karne ilikuwa imepita.

Mnara wa kumbukumbu uliogharimiwa na Uingereza ulizinduliwa Uhuru Park, Nairobi, Septemba 2015. Wadai wengine zaidi ya 40,000 waliofuata hawakupata kitu. Kesi yao ilitupwa mwaka 2018.