Hofu Isiyokwisha: Tuchague Tiba Ipi?

Tuchukue mfano wa mama mwenye watoto wanne. Tangu mumewe apunguzwe kazini, moyo wake unakwenda mbio, mikono inatoka jasho na usiku hapati usingizi. Jirani anampa vidonge vya diazepamu, ambavyo wengi huviita Valium. Usiku ule ule analala fofofo. Baada ya miezi mitatu kidonge kimoja hakimtoshi, anameza viwili. Siku vinapokwisha, anatetemeka kuliko mwanzo.

Je, mama huyu amekosea wapi?

Hofu huwa ugonjwa lini?

Kila mtu huogopa. Hofu huwa ugonjwa inapodumu kwa miezi, hata pasipo sababu ya maana, ikamzuia mtu kufanya kazi na kulala. Kwanza apimwe, kwa sababu tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa damu na pombe huleta dalili kama hizo. Kahawa na chai nyingi pia huongeza mapigo ya moyo.

Tiba zilizopo

1. Tiba ya mazungumzo. Mgonjwa hukutana na mshauri karibu kila wiki kwa miezi miwili au mitatu. Hujifunza kuyapima mawazo yake na kuyakabili kidogo kidogo mambo anayoyakwepa. Tiba hii husaidia sawa na dawa, na faida yake mara nyingi hudumu. Si lazima mshauri awe daktari bingwa. Nchini Zimbabwe akina bibi waliofunzwa huketi na wagonjwa kwenye mabenchi ya zahanati na kuzungumza nao. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa wagonjwa hao walipata nafuu kuliko wenzao waliopewa huduma ya kawaida.

2. Dawa za polepole. Hizi ni kama fluoksetini na setralini. Hazimfanyi mtu awe mtumwa wake, lakini huchukua wiki mbili hadi sita kuonyesha nguvu. Siku za mwanzo huweza kuleta kichefuchefu, kuumwa kichwa, hata wasiwasi kuzidi. Hapo ndipo wengi hukata tamaa na kuziacha. Mgonjwa akipata nafuu, huendelea nazo kwa miezi sita au zaidi, kisha daktari huzipunguza taratibu. Kijana anayezianza aangaliwe kwa karibu; akisema anataka kufa, apelekwe hospitali mara moja.

3. Dawa za kutuliza haraka. Diazepamu ina kazi yake, lakini kwa muda mfupi: siku chache, au wiki mbili hadi nne. Zaidi ya hapo mwili huizoea na kuidai. Ikichanganywa na pombe huweza kuzuia pumzi na kuua. Wazee huanguka na kuvunjika mifupa.

Tahadhari kubwa

Aliyeitumia muda mrefu asiiache ghafla. Anaweza kupatwa na kifafa. Mama wa mfano wetu asivitupe vidonge vyake chooni. Avipeleke kwa daktari, aseme ukweli ni vingapi anavyomeza, ili apunguziwe kidogo kidogo kwa wiki au miezi. Mjamzito naye asianze wala asiache dawa bila ushauri.

Kabla ya kupokea dawa yoyote, uliza maswali matatu: Itaanza kunisaidia lini? Nitaimeza kwa muda gani? Nitaiachaje?

Nyumbani tusimwambie mgonjwa "jikaze tu". Tumsindikize kliniki, tumsikilize, tutembee naye jioni. Na vidonge vilivyobaki kabatini tusimgawie jirani, hata kwa huruma. Haraka haraka haina baraka: dawa inayotuliza usiku huu siyo lazima iwe ndiyo inayoponya.