Kiu, Hamu au Uchu? Istilahi za Uraibu

Miongoni mwa dhana zinazowatatiza wafasiri wa maandiko ya afya ni ile ya msukumo unaomshika mvutaji wa sigara, mnywaji wa pombe au mtumiaji wa dawa za kulevya pale anapokitaka kile alichokizoea na asikipate, au anapokuwa amekwisha kuamua kukiacha. Katika Kiswahili msukumo huo umepewa majina mengi, na kila mfasiri huchukua lililo karibu naye. Mmoja huandika hamu, wa pili kiu, wa tatu tamaa, wa nne uchu. Na vijana wa mijini wana neno lao, arosto. Katika makala haya tunakusudia kuyapima maneno hayo moja baada ya jingine, tukiongozwa na yale ambayo wataalamu wa saikolojia wameyagundua juu ya jambo lenyewe.

Suala hili si la wanazuoni peke yao. Tuchukue mfano wa Kisondela, kata iliyomo katika Wilaya ya Rungwe, jirani na mji wa Tukuyu, mahali pa mvua nyingi, migomba na chai. Lugha ya nyumbani huko ni Kinyakyusa. Kiswahili ni lugha ya shule, ya zahanati na ya ofisi ya kata. Kijikaratasi cha afya kilichofasiriwa Dar es Salaam kikifika huko, mwalimu au mhudumu wa afya hukisoma kwa Kiswahili, kisha aghalabu humweleza mzee kwa Kinyakyusa. Neno la mfasiri basi huvuka madaraja mawili, na likipinda kwenye la kwanza ni vigumu kunyooka kwenye la pili. Mzee ambaye amevuta sigara kwa miaka thelathini, na sasa kikohozi kimemshurutisha kuacha, ataimarika au atarudi nyuma kwa kadiri alivyoelezwa ni kitu gani hasa kinachomshika.

Kwamba uteuzi wa neno waweza kuwa na uzito mkubwa, historia yenyewe ni shahidi. Mwaka 1964 ripoti mashuhuri ya Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani ilithibitisha kuwa sigara husababisha saratani ya mapafu. Lakini uvutaji wenyewe iliuita mazoea tu, ikajizuia kuuita uraibu. Ilipita miaka 24 kabla ya ripoti ya mwaka 1988 kutamka wazi kwamba nikotini iliyomo katika tumbaku huleta uraibu, sawa na heroini na kokeini. Kwa muda wote huo aliyeshindwa kuacha sigara aliweza kuambiwa kwamba ana mazoea mabaya tu, na kwamba angetaka angeacha.

Hapa petu neno uraibu limekwisha kukubalika. Watu wa pwani walilitumia tangu zamani kwa mambo ya kutafuna tambuu pamoja na popoo, chokaa na tumbaku, na kwa mazoea yanayotokana na vitu kama hivyo. Limepanuka maana bila ya kulazimishwa. Wako waliopendekeza utegemezi, kwa kufuata uamuzi wa kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 1964, iliyochagua neno la maana hiyo ili kuondoa mabishano kati ya uraibu na mazoea. Lakini mtumishi wa serikali ajazaye fomu anajua kuwa mtegemezi ni mtoto au mzazi anayelishwa naye. Neno lenye kazi nyingine ofisini lisitwishwe na hii.

Sasa tuutazame msukumo wenyewe. Wataalamu wanakubaliana juu ya mambo matatu.

La kwanza, msukumo huu ni tofauti na maumivu ya mwili yanayotokana na kukosa. Anayeacha sigara hupata hasira za haraka, usingizi mchache, mashaka na njaa. Dalili hizi huwa kali katika wiki ya kwanza, kisha hupungua katika wiki chache zinazofuata. Anayeacha heroini hutokwa na machozi na makamasi, huumwa na viungo na tumbo. Hayo huisha. Msukumo, kwa upande wake, waweza kumrudia mtu baada ya miezi au miaka, mwili wake ukiwa mzima kabisa.

La pili, msukumo huamshwa na vichocheo vya nje. Mwaka 1948 daktari Abraham Wikler wa Marekani alieleza jinsi wagonjwa waliokwisha kupona maumivu ya kuacha walivyoweza kuzirudia dalili zile zile kwa kukutana tu na mambo yaliyofungamana na dawa. Ni kanuni ile ile ya mbwa wa Pavlov, waliotokwa na mate kwa ishara iliyozoeshwa kutangulia chakula. Kwa mchuma chai wa Rungwe kichocheo chaweza kuwa kumaliza kupima majani, kikombe cha chai ya moto wakati wa baridi, au harufu ya moshi wa mwenziwe. Kwa mnywaji ni mlango wa kilabu na sauti za rafiki zake.

Tena msukumo hufuata matarajio kuliko saa. Mwaka 2010 Reuven Dar wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv na wenzake walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya wahudumu wa ndege waliokuwa wavutaji. Wahudumu hao walipimwa katika safari za saa chache kwenda Ulaya, na katika safari za zaidi ya saa kumi kwenda New York. Kama msukumo ungetokana na kupungua kwa nikotini mwilini peke yake, ungalipanda sawasawa kwa kadiri ya saa walizokaa bila ya kuvuta. Haikuwa hivyo. Ulipanda ndege ilipokaribia kutua, safari ikiwa fupi au ndefu. Wavutaji wanaofunga Ramadhani hawatashangaa, kwani wengi wao husema kuwa sigara huwasumbua zaidi magharibi inapokaribia.

La tatu, kutaka si kufurahia. Mwaka 1993 Terry Robinson na Kent Berridge wa Chuo Kikuu cha Michigan walieleza kuwa ubongo una njia moja ya kutaka kitu, ambayo hutumia kemikali iitwayo dopamini, na njia nyingine ya kukifurahia. Uraibu hunoa ile ya kwanza bila ya kuongeza ya pili. Ndiyo sababu mraibu huweza kukitaka kwa nguvu zote kitu ambacho hakimpi raha tena.

Tukiwa na mambo hayo matatu mkononi, twaweza kuyapima maneno yetu.

Tamaa haifai. Neno hili hubeba lawama. Methali yetu husema tamaa mbele, mauti nyuma. Mgonjwa akisoma kuwa ana tamaa ya pombe, amehukumiwa kabla ya kutibiwa, na huenda asirudi zahanati.

Hamu ni neno safi, lakini ni pana mno na pole mno. Tuna hamu ya kula, ya kusoma, ya kumwona ndugu aliye mbali. Aliyekesha akipigana na nafsi yake hataona kuwa neno hilo limemwelewa.

Kiu ina nguvu, na watu husema kiu ya sigara bila ya kufundishwa. Lakini kiu hufundisha jambo lisilo kweli. Kiu ya maji huzidi mpaka mtu anywe, na asipokunywa hufa. Anayeambiwa kwamba ana kiu ya sigara ataelewa kuwa hali yake itaendelea kupanda mpaka avute. Mambo ni kinyume: msukumo hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka wenyewe, aghalabu baada ya dakika chache, hata kama mtu hakuvuta. Marekani mwanasaikolojia Alan Marlatt aliwafundisha wagonjwa wake kuutazama kama wimbi, wangoje upite badala ya kushindana nao. Mafundisho hayo hayawezi kukaa pamoja na neno kiu.

Arosto ni neno la mitaani, nasi hatulidharau kwa sababu hiyo. Lakini wenyewe wanaolitumia hulikusudia kwa mateso ya mwili ya kukosa dawa, yaani lile jambo la kwanza tulilolitenga. Lina kazi yake na libaki nayo.

Limebaki neno uchu. Mtu hushikwa na uchu wa nyama anaponusa harufu ya nyama ichomwayo. Hakuwa nao kabla ya hapo, na akipita akaenda zake uchu hupoa. Neno hili basi limekwisha kubeba kichocheo, ukali na kupita. Upungufu wake ni kwamba wanasiasa wamelipaka doa kwa kusema uchu wa madaraka. Hata hivyo, doa hilo limo katika fungu la maneno, halimo katika neno lenyewe, na hakuna amlaumuye mtu kwa uchu wa kitoweo.

Kwa hiyo twapendekeza yafuatayo:

Uraibu: hali ya kutawaliwa na matumizi ya kitu, ingawa mtumiaji ajua madhara yake. Mwenye hali hiyo ni mraibu.

Uchu: msukumo mkali na wa muda wa kutaka kitu cha uraibu. Mtu hushikwa na uchu. Uchu hupanda na hupoa.

Kichocheo: jambo, mahali, mtu au hisia inayoamsha uchu.

Arosto: mateso ya mwili na nafsi yanayotokana na kukosa kitu cha uraibu. Katika maandiko rasmi yaweza kuandikwa dalili za kuacha.

Kurudia: kuanza tena matumizi baada ya kuacha. Neno kuanguka tusilitumie, kwa kuwa nalo lina lawama.

Tofauti hizi zina matumizi ya kila siku. Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili imekuwa ikitoa tiba ya methadoni kwa waraibu wa heroini, na baadaye tiba hiyo ilifika mikoani, Mbeya ikiwamo. Mgonjwa anayeelezwa tiba hiyo anahitaji kujua kuwa dawa huondoa arosto na kutuliza uchu, lakini vichocheo vitakuwa vikimngoja mtaani kwake. Hayo ni mambo matatu, na kwa neno moja hayaelezeki.

Tumrejee yule mzee wa Kisondela. Akiambiwa ana tamaa, ataona haya. Akiambiwa ana kiu, atatafuta cha kuikata. Akiambiwa kwamba ameshikwa na uchu, kwamba uchu huo umeamshwa na moshi wa jirani, na kwamba utapoa kabla ya chungu kuchemka, amepewa la kufanya: kusogea pembeni na kungoja.

Walimu na wahudumu wa afya wanaofasiri kwa lugha za nyumbani tunawaomba watuandikie. Watueleze ni maneno gani wazee wao huyatumia kwa uchu wa tumbaku na wa pombe, na kama lugha zao huutenga na arosto. Huenda istilahi iliyo bora kuliko hizi zetu iko huko.