Kutoka Jeni hadi Chanjo: Kisa cha Meningokoko

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Kauli hii inamwafiki bakteria aitwaye meningokoko. Takriban mtu 1 kati ya 10 humbeba puani na kooni bila kudhurika. Hata hivyo, bakteria huyo akipenya hadi kwenye damu, huzua homa ya uti wa mgongo ambayo yaweza kumuua mtoto mchanga kwa muda wa siku moja.

Kwa miaka mingi, chanjo zilitengenezwa kutokana na gamba la sukari linalomfunika bakteria huyo. Mbinu hii ilifaulu kwa makundi ya A, C, W na Y. Kundi B, kwa upande wake, lilibakia kitendawili kwa kuwa sukari ya gamba lake inafanana na ile iliyomo katika seli za neva za binadamu. Kinga ya mwili haimtambui adui aliyevaa joho la mwenyeji wake.

Ufumbuzi ulipatikana kwa kuanzia kwenye jeni. Rino Rappuoli na wenzake mjini Siena, Italia, walishirikiana na wataalamu wa Marekani kusoma jeni zote za bakteria huyo, na matokeo yakachapishwa mwaka wa 2000. Kati ya jeni zaidi ya 2,000, kompyuta ilibainisha takriban 600 zilizoelekea kuunda protini zinazojitokeza nje ya seli, mahali ambapo kingamwili huweza kuzifikia. Protini 350 zilitengenezwa na kujaribiwa kwa panya. Hatimaye tatu, pamoja na vipande vya utando wa bakteria, zikaunda chanjo iliyoidhinishwa Ulaya mwaka wa 2013. Uingereza ilianza kuwachanja watoto wachanga mwaka wa 2015. Katika miaka 3 ya kwanza, maambukizi ya kundi B miongoni mwa watoto waliolengwa yalipungua kwa asilimia 75.

Katika utafiti wa dawa, jeni inayolengwa ni ile ambayo bakteria hawezi kuishi bila kuwa nayo, na ambayo mwili wa binadamu hauna mfano wake. Hata hivyo, safari ya dawa ni ngumu zaidi. Kingamwili hunasa protini iliyo nje ya bakteria, ilhali dawa nyingi sharti zipenye utando wake na kubaki ndani bila kusukumwa nje. Ndiyo sababu jeni nyingi zimekwisha kujulikana, lakini antibiotiki mpya zingali chache.