Neno la Wazee na Karatasi ya Vijana

Leo tutazungumza juu ya jambo linaloleta ugomvi katika nyumba nyingi za Tanzania. Wazee hushika neno lililosemwa mbele ya mashahidi. Vijana hutaka neno hilo liandikwe. Kwa nini watu wa nyumba moja hutofautiana hivi?

Kwanza tuwatazame wazee. Zamani shamba lilitolewa mbele ya watu. Mwenye shamba aliwaita majirani na wazee wa ukoo. Walitembea mpakani wakaonyeshana mti, jiwe au kijito. Watoto nao waliitwa, ili wakumbuke siku za mbele. Aliyevunja neno lake aliaibika mbele ya kijiji kizima. Basi msidhani kwamba wazee hawakuweka kumbukumbu. Kumbukumbu yao ilikuwa watu.

Sasa tuwatazame vijana. Mwaka 1974 Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Musoma, ikaamua kwamba watoto wote wapate elimu ya msingi. Mpango huo ulianza mwaka 1977. Waliokua baada ya hapo wamezoea daftari, cheti na risiti. Tena wengi huhamia mjini. Huko hawawajui majirani, na majirani hawawajui wao. Mtu asiye na shahidi hutafuta karatasi.

Kwa hiyo kijana akisema, "Baba, tuandikishane," mzee huona ameitwa mwongo. Mzee akikataa, kijana huona amefichwa jambo. Kumbe hakuna aliyekosa adabu. Kila mmoja anashika desturi iliyomlea.

Lakini hatari ipo. Tuseme mzee alimwazima rafiki yake shamba la ekari 2. Hawakuandika. Wote wawili wakafa, na mashahidi wakafa. Watoto wa mwenye shamba wanasema, "Baba aliazima tu." Watoto wa rafiki wanasema, "Baba alipewa." Kila mtoto anasema alivyosikia kwa mzazi wake. Nani atawaamua?

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imefungua njia. Halmashauri ya kijiji chenye cheti chake cha ardhi huweza kumpa mwanakijiji hati ya hakimiliki ya kimila. Maombi huandikwa, na mipaka huonyeshwa. Hapo mzee aijuaye mipaka anahitajiwa sana, na kijana ajuaye kuandika anahitajiwa vilevile. Mwenye hati hutia sahihi au alama yake. Sheria hiyo inampa mwanamke haki ya ardhi sawa na mwanamume. Basi mama, soma hati kabla ya kutia sahihi, uone kama jina lako limo.

Wazee husema, "Ahadi ni deni." Husema pia, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Methali zote mbili ni za kwetu, nazo hazigombani.

Kazi ya darasa:
1. Andikeni methali hizo mbili katika madaftari yenu.
2. Mwulizeni mzee mmoja mipaka ya shamba la nyumbani. Andikeni maneno yake, kisha msomeeni.
3. Zungumzeni: Kijana aseme maneno gani ili mzee asione ameitwa mwongo?

Tutakutana tena katika somo lijalo. Kwaherini.