Santuri na Sidii: Gharama Zake na Faida Zake

Wanafunzi wenzangu wengi huniuliza kwa nini mtu wa zama hizi, awezaye kusikiliza wimbo wowote katika simu, ajisumbue na sahani za santuri. Wengine husema kwamba hata sidii sasa ni vitu vya wazee. Swali lao ni la haki, nami nataka kulijibu kwa hesabu wala si kwa mapenzi matupu, kwa sababu nyumbani kwetu jambo hili tulilazimika kuliamua kwa fedha.

Kwanza yafaa kujua jinsi vitu hivi viwili vifanyavyo kazi. Santuri ni sahani yenye mfuo mmoja mwembamba kila upande, uanzao ukingoni na kuzunguka mpaka karibu na katikati. Kuta za mfuo huo zina mawimbi, nayo ni sura ya sauti yenyewe. Sindano ikipita humo hutikiswa. Mtikisiko hugeuzwa umeme, amplifaya huukuza umeme huo, na spika huurudisha kuwa sauti.

Santuri za zamani, zilizozunguka mara 78 kwa dakika, zilikuwa nzito, na zikianguka zilivunjika kama kigae. Siti binti Saad wa Unguja alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, zilitiwa katika sahani za namna hiyo, ambazo upande mmoja ulichukua dakika chache tu. Mwaka 1948 kampuni ya Columbia ya Marekani ilitoa sahani ya plastiki ya vinili, izungukayo mara 33 na theluthi kwa dakika, na upande wake mmoja huchukua dakika 20 na zaidi. Mwaka uliofuata RCA Victor ilitoa sahani ndogo ya mara 45. Sahani hiyo ndogo ndiyo iliyobeba nyimbo nyingi za dansi za Afrika ya Mashariki, na wimbo ukiwa mrefu ulikatwa ukawa sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, kila moja upande wake.

Sidii ilianza kuuzwa Japani mwaka 1982, nayo ni kazi ya kampuni za Philips na Sony. Ndani yake hamna mawimbi, mna hesabu. Sauti hupimwa mara 44,100 kila sekunde, na kila kipimo huandikwa kwa namba. Namba hizo huwekwa kwa vishimo vidogo mno visivyoonekana kwa macho, na mwali wa leza huvisoma kuanzia katikati kwenda ukingoni. Kwa kuwa msomaji wake ni mwanga, hakuna kitu kigusacho sahani, na sidii haichakai kwa kupigwa. Santuri, kinyume chake, huliwa kidogo kidogo kila ipigwapo, hasa sindano ikiwa mbovu au vumbi likiwa limeingia katika mfuo.

Je, ipi ina sauti bora? Wapenzi wa santuri husema sauti yake ina joto. Mimi naipenda, lakini sharti niseme kweli: kwa vipimo, sidii imeishinda. Inatunza sauti zote ambazo sikio la binadamu laweza kusikia, nayo haina mikwaruzo wala mngurumo wa mota. Kwenye santuri, kadiri sindano inavyokaribia katikati, ndivyo mfuo unavyopita polepole chini yake, na sauti nyembamba huanza kufifia. Joto wanalolisifu watu hutokana kwa sehemu na upungufu huo. Hata hivyo, ziko sidii zilizotengenezwa vibaya, ambazo watengenezaji wamekuza sauti kupita kiasi mpaka ngoma na kinanda vyote vinapiga kelele sawa. Kosa hilo ni la fundi. Sidii yenyewe haina lawama.

Tuje kwenye gharama. Baba alinunua deki ya mtumba kwa shilingi 40,000, nayo inapiga mpaka leo bila kudai kitu. Kinanda cha santuri alichoacha babu kilikuwa bure, lakini ubure wake ni wa jina tu. Mkanda wa mpira uzungushao sahani ulikuwa umelegea, na waimbaji wote walisikika kama watu wenye usingizi. Mkanda mpya ukanunuliwa. Sindano ilikuwa imekwisha, na mpya ilitugharimu shilingi 60,000 kuagiza mpaka ikafika. Sindano ya almasi hutumika kwa saa mia kadhaa, kisha hapana budi ibadilishwe, maana ikichakaa huanza kuchonga mfuo badala ya kuusoma. Tena sindano ya santuri za vinili haifai kwa zile za mara 78, ambazo mfuo wake ni mpana zaidi. Basi mwenye santuri hulipa daima. Mwenye sidii hulipa mara moja.

Kwa hesabu hiyo ilikuwa rahisi kusema, "Uzeni santuri, mnunue sidii." Na mnunuzi alikuwapo. Huko ng'ambo santuri zimerudi kupendwa. Marekani mwaka 2022 santuri zilizouzwa zilizidi sidii kwa idadi, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu mwaka 1987. Kuna wafanyabiashara wanaotafuta sahani za zamani za Afrika ya Mashariki, na mmoja wao alimwahidi baba shilingi 900,000 kwa sahani zote 46 za babu. Jiko letu linavuja, na fedha hizo zingetosha kuliezeka bati. Mama alitaka ziuzwe zote. Baba alisita. Wakaniagiza mimi, kwa kuwa nilikuwa likizo, nichunguze kila sahani na kuleta orodha.

Babu alifanya kazi katika reli mjini Tabora, na jioni alipuliza tarumbeta katika bendi ya dansi. Alifariki kabla sijazaliwa. Katika zile sahani 46, mbili zina bendi yake, na tarumbeta inayosikika ni yake. Nilizitafuta nyimbo hizo katika sidii, katika simu na katika kumbukumbu za watu wa rika lake. Sikuziona popote. Nilipomaliza kuchunguza nilikuta kwamba sahani 31 zina nyimbo ambazo zimekwisha kutolewa upya katika sidii au zapatikana kwa njia nyingine. Sahani 15 hazikuwa na pacha.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba swali la santuri au sidii huulizwa vibaya. Watu huuliza ipi ni bora, kana kwamba nyimbo zote zimo katika zote mbili. Sivyo. Kampuni zilipohamisha muziki kuupeleka katika sidii, zilihamisha ule uliotarajiwa kuuzwa. Mwingine ulibaki ndani ya mifuo ya sahani, na sahani ikitupwa, umekwisha.

Nilimpa baba orodha, naye akafanya shauri na mama. Tuliuza zile 31 kwa shilingi 550,000, na jiko limeezekwa nusu. Zile 15 tumezibakiza. Mwalimu wetu wa fizikia alinisaidia kuunganisha kinanda na kompyuta, tukazirekodi zote, tukazitia katika sidii, na baba husikiliza sidii hiyo kila siku. Santuri zenyewe hupigwa kwa nadra, wakija ndugu. Nimeona tofauti moja wakati huo. Sidii ikipigwa, watu huruka kutoka wimbo mmoja mpaka mwingine, na maongezi huendelea. Santuri ikipigwa, watu hunyamaza, na sehemu ya kwanza ikiisha mtu huinuka kugeuza upande, na wote humngoja. Shangazi yangu, aliyekua na tarumbeta ile nyumbani, husogeza kiti karibu na spika. Faida hiyo sijui kuitia katika shilingi, lakini ni faida.

Kwa wale walio na sahani kwao, nashauri mambo haya. Santuri isimamishwe wima kama kitabu, isilazwe; isiachwe juani, maana vinili hupinda kwa joto. Ifutwe kwa kitambaa laini kufuata mzunguko wa mfuo. Sidii hufutwa kinyume: kutoka katikati moja kwa moja hadi ukingoni, kwa sababu mkwaruzo ukatao njia hugusa namba chache, ambazo mashine yaweza kuzisahihisha, lakini ufuatao njia hufuta nyingi mfululizo. Tena upande wenye maandishi usikwaruzwe, kwani utando wa madini umo chini yake kidogo tu.

La mwisho ndilo kubwa. Sidii iliyorekodiwa nyumbani si sawa na ile ya kiwandani. Imeandikwa katika rangi ambayo hufifia kwa mwanga na miaka. Kwa hiyo msitupe santuri kwa kuwa mmekwisha kuinakili. Na kabla hamjauza kasha la babu, kaeni siku mbili tatu mlichambue sahani moja moja. Zenye pacha ziuzeni bila majuto, mkaezeke bati. Zisizo na pacha ziwekeni. Wahenga walisema akiba haiozi.