Volti Kwanza: Kasi ya Mota za Hatua katika Karakana za Simiyu

Mkoa wa Simiyu, ulioanzishwa mwaka 2012 kwa kumegwa kutoka Shinyanga na Mwanza, unaishi kwa pamba, na kilimo cha pamba hakiendi bila vyuma: plau zinazokokotwa na ng'ombe, trela, mashine za kusaga nafaka, na viwanda vya kuchambua pamba ambavyo msimu ukishafunguliwa haviwezi kusubiri spea kwa wiki nzima. Kwa hiyo mashine ya kuchonga vyuma inayoongozwa na kompyuta, hata ile aliyojiundia fundi wa Bariadi kwa chuma chakavu, si anasa. Ni njia ya kupata puli au giya mpya bila kuiagiza kutoka mbali. Kinachowavunja moyo wengi ni mwendo wa mashine hizo, kwa kuwa meza hutambaa polepole, na ikiongezwa kasi mota hunguruma na kukwama.

Mota zinazosukuma meza hiyo huitwa mota za hatua kwa sababu hazizunguki mfululizo kama mota ya feni, bali husogea pembe moja ndogo kila zinapopokea mpigo wa umeme, na nyingi kati yake hugawa mzunguko mmoja katika hatua 200. Zimo hata ndani ya printa na mashine za fotokopi zilizotupwa, lakini za huko mara nyingi ni dhaifu mno kwa kazi ya kuchonga chuma.

Fundi anayeona mota yake imekwama hufikiri kwanza kununua kubwa zaidi, na hapo ndipo fedha nyingi hupotea bure. Kiini cha tatizo ni muda. Kila hatua hudai mkondo wa umeme ujae ndani ya koili, na koili ina tabia ya kupinga mabadiliko ya mkondo, tabia ambayo wanafizikia huiita induktansi na kuipima kwa henri. Ichukuliwe mota ya ampea 3 yenye induktansi ya milihenri 4, inayozunguka mara 600 kwa dakika: hiyo ni mizunguko 10 kwa sekunde, sawa na hatua 2,000, hivyo kila hatua ina nusu ya milisekunde tu. Kwa umeme wa volti 12 mkondo huhitaji takriban milisekunde 1 kufika ampea 3, yaani hatua hupita kabla koili haijashiba. Kwa volti 48 huhitaji robo ya milisekunde, na nafasi hubaki. Aidha, sumaku inayozunguka huzalisha volti zake yenyewe zinazoupinga umeme unaoingia, na upinzani huo hukua kadiri kasi inavyopanda. Mota kubwa kwa kawaida huwa na induktansi kubwa zaidi, kwa hiyo ikiwekwa kwenye volti zilezile huweza kwenda polepole kuliko ile ndogo iliyoondolewa.

Dawa ya kwanza, basi, ni volti. Volti nyingi haziunguzi mota iwapo draiva, yaani kifaa kinachogawa umeme kwenye koili, ni ya aina inayoukata mkondo mara tu unapofikia kiwango kilichopangwa. Kanuni inayotumiwa na mafundi wengi huweka ukomo wa volti kuwa 32 mara kipeuo cha pili cha induktansi kwa milihenri. Mota ya mfano huu ingevumilia hadi volti 64. Hata hivyo draiva nayo ina ukomo wake, na mota inayopunguza mwendo ghafla hurudisha umeme kwenye chanzo, kwa hiyo draiva ya volti 50 isipewe 48.

Mota yenye nyaya nane ina faida ya ziada, kwa kuwa koili zake zikiunganishwa sambamba induktansi huwa robo ya ile ya kuunganishwa mfululizo, ingawa draiva italazimika kutoa mkondo mara mbili. Idadi ya mipigo nayo huangaliwa: draiva ikiigawa kila hatua katika vipande 32, kasi ileile ya hatua 2,000 hudai mipigo 64,000 kwa sekunde, ilhali kidhibiti cha Arduino chenye programu ya Grbl huishia karibu 30,000; vipande 8 vinahitaji 16,000 tu.

Baada ya hapo mwendo upandishwe taratibu, si kwa mruko, kwa sababu mota ya hatua ikipoteza hatua haitoi taarifa yoyote, na kompyuta huendelea kuamini kwamba meza ipo mahali pake. Skrubu ambayo mota huizungusha ili kusogeza meza nayo isisahauliwe: vumbi la kiangazi na nyuzi za pamba hunata kwenye grisi na kuongeza msuguano, hivyo karakana iliyo karibu na kiwanda cha pamba yafaa kuzifunika skrubu zake na kuzisafisha mara kwa mara.

Tahadhari moja haina mjadala: waya wa mota usichomolewe kamwe wakati draiva ina umeme, kwani kitendo hicho huweza kuiunguza draiva papo hapo.